Ishak Anunua Nyumba ya Theluji

Mtu anayelala mkekani huku amezungukwa na magodoro kumi na mawili utamwitaje? Pale Bondeni, Nakuru, walimwita Ishak wa Sufu, na yeye akaitika, maana anayejicheka mwenyewe huwanyima wengine kazi.

Alikuwa fundi wa magodoro. Chumba alichopanga kilijaa magodoro ya watu hadi darini, mengine yakingoja kujazwa, mengine yakingoja wenyewe. Nafasi iliyobaki ilitosha mikeka miwili: mmoja wa Ishak na mkewe Khadijo, mwingine wa binti yao Nuria. Wateja wakilala kwa raha mji mzima, fundi wao aliamka kila asubuhi na mchoro wa ukili mgongoni.

Alizaliwa papo hapo Nakuru. Babake, Darweshi, alipanda na reli kutoka pwani akiwa mpishi wa wazungu wa reli, akashuka stesheni ya Nakuru kutafuta vitunguu, treni ikaondoka. Vitunguu alivipata, na mwanamke aliyeviuza akamwoa. Ukoo mzima umetokana na filimbi ya garimoshi.

Kazi ilimpeleka Ishak mashamba ya juu kote: Rongai, Elburgon, na zaidi Molo, kwenye kondoo na baridi. Alibeba sindano ndefu kama mkuki wa mtoto na fimbo mbili za kuchambulia sufu. Walowezi walimpa magodoro yao bila kujua wanampa na siri zao. Godoro halijui cheo, wala halidanganyi. Kulikuwa na bwana mkubwa ambaye godoro lake lilibonyea upande mmoja tu, kumbe mkewe alikuwa akilala chumba cha pili. Kulikuwa na kasisi ambaye godoro lake lilikuwa na mabonde mawili. Ishak alilishona, na mdomo wake akaushona kwa uzi uleule.

Basi mwaka wa 1958, mwisho wa Februari, ikaja barua. Baada ya kungoja miaka saba, Ishak alikuwa amepewa kiwanja Bondeni. Khadijo aliishika ile barua kichwa chini, akaibusu, akaigeuza, akaibusu tena. Lakini barua za serikali ni kama samaki, utamu uko juu na miiba iko ndani. Mwiba ulikuwa huu: ifikapo siku ya mwisho ya Agosti, nyumba iwe imesimama, kuta nne, paa, mlango, madirisha na choo. La sivyo, kiwanja kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Aliyefuata kwenye orodha alikuwa Ngigi, mwenye bucha. Kila Ijumaa alipita kuangalia kiwanja kwa macho ya mtu anayemtembelea mgonjwa mwenye mali.

"Ishak, hujambo? Bado hujaanza?"

"Naanza, Ngigi."

"Usijisumbue sana. Afya ni bora kuliko nyumba."

Agosti ilipoingia, choo kilikuwa tayari. Kilisimama peke yake katikati ya kiwanja, na wapita njia wakasema familia ya Ishak imeamua kuanza na jambo la lazima. Akiba ya Ishak ya miaka yote, shilingi mia sita, haikutosha mawe ya ukuta mmoja.

"Baba Nuria," Khadijo alimwambia, "mimi nimehama vyumba saba tangu unioe. Cha nane kikiwa cha kupanga, nahamia kwa mama yangu na hayo magodoro nayatia moto."

"Magodoro si yetu!"

"Ndiyo maana."

Wiki ya pili ya Agosti akaitwa Molo, kwa mzee mmoja wa Uswisi aliyeitwa na watu Bwana Kengele, kwa sababu kila ng'ombe wake alivaa kengele shingoni. Ukungu ukishuka humwoni ng'ombe wala humwoni bwana, unasikia tu shamba zima likilia kama misa ya Pasaka. Huyu bwana alikuwa amejijengea nyumba kama ya kwao milimani: mbao tupu za mtarakwa, paa la mabati jekundu lililosimama wima kama mikono ya mtu anayeomba dua, na nje, kuta zote zimechongwa maua na vijindege. Ndani alipaka rangi ya kijani. Benchi la mbao lilizunguka ukuta kutoka mlangoni hadi mekoni, vigingi vya makoti vilipangwa juu yake, na pembe za kongoni zilitazama chini kama hakimu.

Ishak aliipenda ile nyumba. Kila alipomaliza godoro pale alijilaza juu yake "kulijaribu", na majaribio yale yaliweza kuchukua saa nzima.

Siku hiyo Bwana Kengele hakuwa na godoro la kutengeneza.

"Fundi, mimi naenda kwetu," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi zee sasa. Nataka kufa kwa mlima yangu. Shamba nauza kwa jirani. Wewe fanya mimi mto moja ya sufu, nalalia kwa meli."

"Na nyumba, bwana?"

"Jirani hapana taka nyumba. Yeye nataka udongo tu, panda pareto. Nyumba yeye navunja, nafanya kuni."

Kuni! Ishak akatazama pembe za kongoni, akatazama benchi, akajisikia akisema, "Niuzie mimi."

"Wewe?" Mzee alicheka, lakini si kwa ubaya. "Hapana weza. Hapa Molo sheria nasema, udongo hapana uza kwa mtu kama wewe. Wewe mgeni hapa."

Hebu tusimame hapo kidogo, msomaji, tumtazame mgeni. Mgeni alizaliwa maili thelathini chini ya kilima. Mwenyeji alishuka melini mwaka wa 1931 na sanduku moja na kengele sita, na siku ya tisa tangu akanyage nchi alikuwa na ekari mia tatu zenye jina lake. Walitazamana, mgeni na mwenyeji, na nadhani hata kongoni ukutani aliona haya, yeye aliyekuwa hapo kabla ya wote wawili.

Lakini Ishak hakuwa na wakati wa kuona uchungu, maana wazo lilikuwa limemwingia na lilikuwa likimtekenya.

"Bwana, udongo sitaki. Udongo ninao, Nakuru. Sheria inasemaje kuhusu mbao?"

Bwana Kengele alitembea hadi dirishani, akarudi. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mpishi akaja na maji.

"Mbao!" alisema akijifuta machozi. "Sheria hapana sema kitu ya mbao!"

Walikubaliana shilingi mia tano na ule mto wa meli. Mzee akaandika hati kwa mkono wake mwenyewe: amemuuzia Ishak Darweshi nyumba moja, pamoja na pembe, bila udongo. Akaongeza kwa herufi kubwa, bila udongo kabisa.

Ishak alitoka mbio kumtafuta Gachanja. Ephantus Gachanja alikuwa seremala wa kiwanda cha mbao pale Molo, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, mwaka mzima.

"Unaweza kuvunja nyumba bila kuivunja?" Ishak alimuuliza.

"Kuvunja bila kuvunja ni kufungua," alisema Gachanja. "Lakini huko Nakuru nani atafunga? Mimi hii kitabu yangu ya pasi inaishia Molo. Nikipita hapo Sachangwan bila ruhusa, watanifunga mimi."

Basi wakapanga hivi. Gachanja angeufungua kila ukuta vipande vipande, vipana kama mlango, kila kipande na mzigo wake: benchi lake, vigingi vyake, dirisha lake. Kila kipande angekiandika namba kwa rangi nyekundu, moja hadi ishirini na nane. Na huko chini Omolo, seremala wa reli na jirani yake Ishak, angeunga namba kwa namba. Kwa vile Gachanja na Omolo wasingeonana, Gachanja alimwandikia mwenzake karatasi, fupi kama yeye mwenyewe: *Anza mlangoni, fuata mkono wa kulia, namba ikuangalie.*

Maagizo mazuri sana hayo. Hayana kosa hata moja. Shika hapo.

Ilikuwa Agosti ya Molo, ile baridi inayomfanya mtu amwonee kondoo wivu. Mvua nyembamba iliingia hadi kwenye mawazo. Gachanja alifanya lile ambalo kila fundi wa Molo mwenye akili angefanya: aliwasha moto mkubwa kwenye meko ya Bwana Kengele, akafunga mlango, akaandika namba zake zote akiwa ndani, mgongo ukiota moto. Siku nne baadaye nyumba nzima ilikuwa imelala juu ya lori la viazi, na pale ilipokuwa yalibaki meko ya mawe na bomba la moshi, yamesimama mvuani kama mtu aliyeamka akakuta ameibiwa nguo.

Bwana Kengele alimpa Ishak kengele moja. "Funga kwa mlango," alisema. Kisha akaangalia pembeni, akajifanya anakagua magurudumu ya lori.

Wakaanza kushuka. Ishak alikaa juu kabisa, ameshika pembe za kongoni kwa mikono miwili kama usukani. Kengele ililia kila kona. Wanawake waliokuwa wakilima kando ya barabara waliinuka kuangalia mtu aliyevaa kofia ya tarabushi akiteremka mlima ameketi juu ya nyumba. Yeye aliwapungia mkono. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuwahi kuwa na furaha ya kijinga namna ile.

Sachangwan kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari mmoja mnene alizunguka lori mara mbili.

"Wewe mzee, mnabeba nini?"

"Nyumba, afande."

"Nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Inakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Askari alifikiri. Alijua kwamba mahindi hayatoki wilayani bila karatasi, na mtu pia. "Karatasi yake ya kusafiri iko wapi?"

"Ya nyumba?"

"Kitu chochote kinachotoka Molo kwa lori kina karatasi."

Ishak akatoa hati ya Bwana Kengele. Askari aliisoma polepole, midomo ikitembea, mpaka akafika *bila udongo kabisa*. Akainama, akachungulia chini ya mbao, akapitisha kidole ukingoni mwa ubao mmoja, akakitazama kile kidole.

"Hapa kuna udongo kidogo."

"Futa, afande," alisema Ishak. "Nisije nikavunja sheria."

Askari akafuta kwa mkono wa shati la serikali, akawafungulia njia.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Bondeni nzima ilitoka kupokea. Omolo, mtu wa vicheko na mabega, alisoma karatasi ya Gachanja, akaibusu. "Sheikh, huyu jamaa ni fundi. Maneno manane tu na kila kitu kiko hapa."

Na Nakuru mchana ni Nakuru, si Molo. Jua lilikuwa limekaa juu ya kiwanja, vumbi linaruka, na hakuna seremala wa Bondeni mwenye akili angeingia kufanya kazi ndani ya sanduku la mbao wakati huo. Omolo alifanya kazi nje, chini ya kivuli cha turubai, akiwa na kaptura na fulana. Alianza mlangoni, akafuata mkono wa kulia, namba ikimwangalia. Moja, mbili, tatu. Kila kipande kilikubali mwenzake. Kuta zilisimama zikaumana kama meno ya mwanamwali. Ngigi alipita siku ya Ijumaa, akatazama, akaondoka bila salamu, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Ishak aliona rangi ya kijani ikitokea upande wa barabarani, akafikiri moyoni, mbona nilidhani kijani kilikuwa ndani? Lakini alikuwa na siku nne na magodoro matatu ya kumaliza, na furaha humfanya mtu asahau hata jina la mama mkwe. Akapita.

Msumari wa mwisho wa paa ulipigwa asubuhi ya siku ya mwisho ya Agosti. Mkaguzi alikuwa anatazamiwa saa nane mchana. Khadijo alikuja na Nuria, amevaa buibui jipya, akasoma bismillahi, akaingia mguu wa kulia. Kisha sauti yake ikatoka ndani.

"Baba Nuria! Nitundike buibui wapi? Na mbona maua yamechongwa huku ndani? Na hii ukutani ni kuvu?"

Ishak aliingia. Kuta za ndani zilikuwa zile zilizonyeshewa na mvua ya Molo miaka ishirini na saba: kijivu, zenye kuvu, na maua na vijindege vilivyochongwa kuanzia sakafuni hadi juu. Alitoka mbio. Pale nje, barabarani, mbele ya umma, ilikuwa sebule ya Bwana Kengele: rangi ya kijani, alama nyeupe ilipokuwa saa ya ukutani, vigingi vya makoti, pembe za kongoni. Hata komeo la mlango lilikuwa nje.

"Omolo," alisema polepole, "hii nyumba umeivaa ndani nje kama soksi."

"Nimefuata karatasi!" Omolo alitoa karatasi. "Anza mlangoni, mkono wa kulia, namba ikuangalie! Namba iliniangalia mimi, si iliniangalia?"

"Ilikuangalia ukiwa wapi?"

"Hapa! Kwani mtu mwenye akili anasimama wapi?"

Ndipo Ishak akakumbuka ule moto na ule mlango uliofungwa, akaelewa yote, akaketi chini kwenye vumbi. Majirani walikuwa wamejaa. Mmoja alisema ile ndiyo nyumba pekee ambayo ukitaka kuingia inabidi utoke. Ngigi alikuja pia, mara hii na salamu.

"Naivunja sasa hivi," alisema Omolo. "Siku tano naigeuza."

"Tuna saa tatu," alisema Ishak.

Khadijo hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amesimama barabarani akiitazama nyumba, kichwa kimeinama upande kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akaenda, akavua buibui, akalitundika kwenye kigingi, nje, hadharani. Akaketi kwenye lile benchi la Waswisi lililozunguka ukuta wa mbele. Akapiga ubao kwa kiganja.

"Baba Nuria, njoo ukae."

"Mama Nuria, huoni kilichotokea?"

"Naona baraza. Miaka kumi na nane nimekaa vyumba ambavyo mgeni akija nampokea juu ya ndoo. Marehemu babako alisema nyumba bila baraza ni kasha. Yule mzungu wako alikuwa amelificha baraza ndani kwa sababu ya baridi, masikini. Omolo amelitoa. Omolo, ukigusa msumari mmoja nitakutoboa na sindano ya magodoro."

Mkaguzi alifika saa nane kamili. Alikuwa mzungu mwembamba aliyeitwa Bwana Futikamba, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kamba yake ya kupimia. Alipima kuta. Alipima mlango. Alipima choo kwa heshima. Akatazama paa muda mrefu.

"Kwa nini paa imesimama hivi?"

"Ni ya theluji, bwana," alisema Ishak.

"Nakuru hakuna theluji."

"Haijaja bado, bwana. Ikija, sisi tuko tayari."

Ngigi akakohoa nyuma ya watu. Bwana Futikamba akafika kwenye pembe za kongoni. Akazitazama, zikamtazama.

"Lakini hii," alisema, "hii ndani iko nje."

Ishak akajikuta anauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, bwana. Karatasi yako inasemaje kuhusu ndani?"

Bwana Futikamba alifungua karatasi yake. Kuta nne. Paa. Mlango. Madirisha. Choo. Akageuza nyuma, palikuwa patupu. Jua lilikuwa kali, na alikuwa ametembea viwanja tisa tangu asubuhi. Khadijo aliweka kikombe cha kahawa ya tangawizi kwenye benchi. Mkaguzi alitazama huku na huku akitafuta pa kuweka kofia yake, akaona kigingi mbele ya uso wake, kwenye kimo kilekile ambacho mzungu mwenzake alikiweka kwa ajili ya mzungu. Akaitundika. Akaketi. Akanywa. Akatoa kalamu, akaitia karatasi sahihi juu ya goti lake.

Makelele yaliyopigwa yalisikika stesheni. Omolo alibebwa juu kwa juu. Ngigi alisema siku zote alijua, akaketi barazani, na hakuondoka hadi kahawa ilipokwisha.

Ishak hakukaa na watu. Alichukua godoro alilolishona wiki ile, jipya, la sufu ya Molo, ambalo kwa mara ya kwanza maishani halikuwa la mteja. Akalitandika katikati ya chumba, akalala chali mchana kweupe, akitazama vijindege vya mtarakwa vilivyokuwa vikiruka ukutani hadi juu kwenye paa lililosimama kama dua. Nje, sebuleni kwake, watu walicheka. Ndipo akasikia chuma kikiteleza kwenye chuma, kra, na kengele ikalia kidogo.

"Mama Nuria? Umenifungia?"

"Najaribu komeo," alijibu Khadijo kutoka barazani. "Lala."